Muulize Bibi wa Mizani: Gari linachanganya zote, nitenge taka za nini?

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani. Masika yamenifungia nyumbani siku nne, mtaro wa mtaani kwetu umefurika na ndala ya mtu imeelea hadi mlangoni pangu. Kwa mgeni wa safu hii: mimi nilikaa nyuma ya mizani Vingunguti miaka kumi na tisa, nikinunua chupa, maboksi na chuma chakavu kwa kilo. Magoti yaliposema basi, mizani nikamwachia kijana wangu. Mazingira sikuyasomea darasani. Ninachokijua nimekijua kwa kunusa, kwa kushika, na kwa kuibiwa.

*Shikamoo Bibi. Naishi Kinyerezi, nyumba ya kupanga, wapangaji sita tunatumia ua mmoja. Gari la taka linapita mara moja kwa wiki, wiki nyingine halipiti. Viroba vinakaa getini, mbwa wanapasua, harufu inaingia mpaka chumbani. Redioni nikasikia tutenge taka. Nikatenga wiki tatu, chupa huku, maganda kule. Gari lilipokuja vijana wakabeba vyote wakamwaga pamoja, mimi nimesimama naangalia. Wenzangu wakacheka, na mpaka leo wananiita Bwana Afya. Kweli nijisumbue tena?* — Mama wa wawili, Kinyerezi

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo jina lipokee. Zamani Bwana Afya akionekana kona ya mtaa, watu walishika mafagio kabla hajafika kwenye nyumba ya kwanza.

Uliyoyaona sitayapinga. Gari lile lina tumbo moja na safari moja. Kosa lako ni kwamba ulilitengea gari. Wewe tenga ili vitu visifike kwenye gari kabisa.

Mwaka jana nilifanya jambo ambalo wajukuu waliona bibi amechanganyikiwa. Nilirudisha mizani ndogo nyumbani nikapima taka zetu siku saba. Tuko watu wanne na mtoto mchanga. Jumla ilikuja kilo 12 na robo. Maganda, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, mabaki ya wali na utumbo wa samaki vilikuwa kilo 8. Mchanga na vumbi la kufagia uani, kilo 2. Chupa, makopo, maboksi na karatasi, kilo 1 na nusu. Kilichobaki, robo tatu ya kilo, ni pampasi za mtoto. Na hizo nilipima baada ya kumwaga choo, msinicheke.

Angalia hizo kilo 8. Ndizo zinazonuka. Ndizo zinazoita mbwa, nzi na panya, na ndizo zinazotoa yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye kiroba hadi kwenye ndala zako. Chupa tupu hainuki. Boksi kavu halinuki. Ila ukiliweka boksi kavu kwenye kiroba kimoja na vichwa vya dagaa, kesho yake hata mimi na njaa zangu za zamani nisingelinunua. Kile kiroba cha pili, chenye vikavu peke yake, gari lisipopita wiki mbili hakuna atakayejua.

Basi vibichi vipelekwe wapi? Anza na wenye midomo. Machicha ya nazi kuku wanayagombea. Maganda ya ndizi mbichi, ya viazi vitamu na ya tikiti yanaliwa na mbuzi na ng'ombe, na pande za kwenu bado wapo wafugaji. Mtafute mmoja, mpe ndoo yenye mfuniko, atapita mwenyewe. Vifuu vya nazi vikaushe juani uwashie jiko la mkaa, vinashika moto vizuri bila mafuta ya taa.

Kinachobaki kiingie kwenye ndoo ya mboji. Tafuta ndoo mbili za rangi za lita 20, mafundi rangi wanazitupa. Toboa matundu ya msumari chini na ubavuni. Iinue juu ya matofali mawili, chini weka sinia la kukingia maji. Nenda kwa fundi seremala uombe kiroba cha maranda, mara nyingi anakupa bure akushukuru kwa kumfagilia. Ndani ya ndoo tandika maranda kiganja kizima, juu weka maganda yaliyokatwakatwa, kisha maranda tena, na maranda yawe mengi kuliko maganda, kama mara mbili kwa ujazo. Kila siku ukimaliza kupika unafanya hivyo hivyo. Mara moja kwa wiki geuza kwa kijiti. Chukua konzi moja, ikamue: ikidondosha maji, ongeza maranda, ikiwa kavu kama pumba, nyunyizia. Inatakiwa iwe kama tambara la kudekia lililokamuliwa vizuri. Ndoo ya kwanza ikijaa unaiacha itulie, unaanza ya pili. Kwa joto letu hili, miezi mitatu hivi utakuta kitu cheusi kinachonukia kama shamba baada ya mvua ya kwanza.

Usitie nyama, mifupa, samaki wala mafuta. Nalisema hili kwa uchungu. Ndoo yangu ya kwanza nilitia kila kitu, wali uliolala, maharage, vichwa vya changu, tena bila maranda, nikafunika kwa mfuniko usio na hata tundu moja. Siku ya sita jirani alikwenda kumwita mwenyekiti wa mtaa, akidhani kuna kiumbe kimekufa uani kwangu. Mwenyekiti alikuja, akafunua mwenyewe. Hajawahi kunywa chai kwangu tangu siku ile. Sababu niliijua baadaye: takataka zikioza zikiwa na hewa hazinuki hivyo, zikinyimwa hewa zinachachuka. Maranda ndiyo yanayoleta hewa na kunyonya maji.

Nakueleza pia kwa nini hili linanigusa mimi binafsi. Mimi ni mtu wa Tabata tangu ujana, na dampo la jiji lilikuwa kwetu. Moshi usiku, nzi mchana, ukianika mchele unaanika na nzi. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya mwaka 1988, wakadai lifungwe, wakashinda, na mwanzoni mwa miaka ya tisini likahamishwa. Tukashangilia. Likahamia wapi? Vingunguti. Watu wa Vingunguti nao wakalalamika, likaenda Mtoni. Sasa liko Pugu Kinyamwezi, kilomita kama 30 kutoka katikati ya mji, na huko nako kuna watu na wana pua. Sensa ya 2022 imetuhesabu 5,383,728 Dar es Salaam hii, na zaidi ya nusu ya tunachotupa ni hivyo vibichi. Ganda la tikiti karibu lote ni maji. Kwa hiyo mwanangu, ile ada unayolipa kila mwezi, sehemu kubwa inanunua dizeli ya kubeba maji kutoka jikoni kwako kuyapeleka Pugu. Kinondoni wamejenga kiwanda cha mboji Mabwepande wakishirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, na ni jambo jema, lakini kiwanda hakiji kugonga hodi Kinyerezi leo.

Wapangaji wenzako usiwahubirie. Kata dumu bovu, jaza mchanga na mboji yako nusu kwa nusu, mwaga mbegu za mchicha hapo hapo uani wanapofulia. Baada ya wiki tatu, nne, unachuma. Atakayekuja kuomba fungu, mpe, na umwambie aje na maganda yake.

*Mdogo wangu, hujambo? Mimi nina miaka 76, nipo Mbagala. Kila jioni nachoma taka kwenye shimo nyuma ya nyumba, kama marehemu baba alivyokuwa akifanya kule Rufiji. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu ananikataza, anasema najiua na ninawaua wao. Sijazoea kukatazwa na mtoto. Nani mkweli?* — Mzee wa Mbagala

Sijambo kaka yangu, shikamoo. Mjukuu ni mkweli, na marehemu baba hakukosea.

Jiulize shimo la baba lilikuwa na nini. Makumbi ya nazi, majani ya mwembe, karatasi iliyofungiwa sukari, labda kitambaa chakavu. Sasa simama juu ya shimo lako kesho asubuhi uangalie. Vifungashio vya biskuti, ndala za plastiki, kipande cha bomba, mkoba wa ngozi bandia, waya. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli imepungua, lakini plastiki ina ndugu wengi. Zile zenye klorini ndani yake, kama bomba za PVC na ngozi bandia, zikiungua kwa moto mdogo wa shimoni zinatoa sumu iitwayo daiyoksini. Haiishii kwenye moshi. Inatua ardhini, kuku anadonoa pale, na wewe asubuhi unaletewa yai la kienyeji ukiambiwa ndilo lenye afya. Na likiingia kopo la dawa ya mbu la kupuliza, au betri ya simu, hilo halingoji sumu, linalipuka papo hapo.

Majani makavu ya mwembe wako usiyachome pia, kaka. Yatie kwenye gunia. Ndiyo maranda ya asiye na seremala.

*Shikamoo Bibi. Mke wangu ni msomaji wako na wewe ndiye chanzo cha ugomvi. Chini ya kitanda chupa, juu ya kabati chupa, stoo haifunguki. Anasema ni akiba. Miezi minne ameweka, juzi kapeleka kwa mnunuzi, karudi na hela ya nauli na vitumbua vitatu. Mwambie aache.* — Baba wa nyumba iliyojaa, Tandika

Marahaba baba. Nimecheka hadi nikashikilia ukuta.

Mkeo hakudhulumiwa na mizani, alidanganywa na ukubwa wa kiroba. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina gramu kama 30. Kilo moja ni chupa 33 hivi. Zile kubwa zinajaza kitanda lakini hazijazi mfuko. Sijawahi kumwambia mama wa nyumbani kwamba atatajirika kwa chupa za nyumba moja. Anayepata riziki hapa ni yule anayezunguka mitaa kumi na kiroba mgongoni tangu alfajiri, naye anachuma kwa jasho.

Nikiwa kazini, watu walijaribu kila njia ya kuongeza uzito. Chupa zililetwa zimetiwa mchanga chini, vizibo vimefungwa kwa nguvu. Maboksi yaliloweshwa usiku yakaletwa asubuhi yakiwa mazito kama mikate ya kumimina. Nilijifunza kutikisa kila kiroba sikioni kabla ya kukitundika. Kuna mtoto mmoja, sasa ni baba mzima mwenye bodaboda, alinitilia jiwe ndani ya kopo la maziwa na akalia kabla sijalifungua. Nilimlipa na lile jiwe, akarudi miaka sita mfululizo bila kuniibia tena hata gramu.

Basi mwambie mkeo hivi. Kwanza kiroba kiwe kimoja, si kitanda. Kikijaa kinatoka. Pili, chupa imwagwe maji yote, ikanyagwe iwe bapa, ndipo kizibo kirudishwe. Hili si la bei tu. Mbu wa dengi, yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, hahitaji bwawa, maji ya kizibo cha chupa yanamtosha kutaga. Mwaka 2014 na 2019 dengi ilitusumbua Dar es Salaam hii, na mimi mwenyewe nililala wiki mbili mifupa ikipigana. Kwa hiyo kila kilicho wazi uani, kopo, tairi, kifuu, kigeuzwe au kiondoke. Tatu, amsubiri yule kijana anayepita na kiroba, amsalimie kwa heshima, ampe bure. Kesho atapita tena, na kwa kuwa vyako ni visafi, atakipita kiroba cha jirani na kuja kwenu.

Na kwa sababu ni msomaji wangu, mpe jaribio la kufanya na watoto. Wakate kipande cha chupa ya maji na kipande cha kizibo chake, watie vyote kwenye beseni la maji. Chupa itazama, kizibo kitaelea. Ni plastiki mbili tofauti, na viwandani wanazitenganisha kwa njia hiyo hiyo baada ya kuzisaga. Kwa makopo tumia sumaku: la maziwa ya unga litanasa, la soda halinasi kwa sababu ni alumini. Hilo la soda ndilo wanunuzi wanaligombea. Kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika kunaokoa kama asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye udongo wake.

Nimemaliza kumsema yeye, sasa zamu yako. Chupa zote hizo kazileta nani? Nahisi ni mtu anayerudi kazini jioni na maji ya baridi mkononi. Nunueni dumu kubwa la kurudisha, lile unalobadilisha likiisha, au mchemshe na kuchuja kama sisi. Soda nunua ya chupa ya kioo, unywe hapo hapo dukani urudishe chupa, ile inaoshwa na kujazwa tena. Baada ya miezi miwili utaiona sakafu ya stoo yako.

*Bibi, pampasi zikishatumika zinarejelezwaje? Nina mapacha.* — Mama Mapacha, Goba

Hongera sana mwanangu, na pole. Kwetu hakuna mnunuzi wa pampasi, na mbojini haziingii, zina plastiki na unga unaonyonya maji usiooza. Choo kimwage chooni, pampasi ikunje, ifunge, iende na gari. Kamwe usiitumbukize kwenye shimo la choo. Siku gari la majitaka litakapokuja kunyonya, mpira utaziba, na utalipa mara mbili ili watu wavue kwa fito. Njia ya kupunguza ni moja: mchana nepi za kitambaa, usiku pampasi. Kwa mapacha najua kufua ni kazi. Baba yao ana mikono?

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano, Segerea. Shuleni tuliambiwa kila mtoto alete chupa tupu 20 kwa ajili ya siku ya usafi. Nyumbani hatuna. Mama akanunua katoni mbili za maji, tukamwaga maji kwenye maua, nikapeleka chupa. Nilipata pongezi. Lakini kaka yangu anasema tumefanya ujinga. Ni kweli?* — Mwanafunzi, Segerea

Marahaba mjukuu wangu. Kaka yako ana kauli kali, lakini amesema kweli, na kosa si lako wala si la mama. Ukipewa hesabu ya chupa ishirini, utazitafuta chupa ishirini.

Mwaka ujao usinunue. Jumamosi jioni nenda na mama kwenye uwanja wa mpira wa mtaani kwenu mechi ikiisha, beba kiroba na glavu. Utapata chupa arobaini kabla watu hawajatoka. Ishirini za kwako, ishirini za rafiki yako ambaye nyumbani kwao pia hawana. Na mwalimu akiwauliza jinsi ya kufanya vizuri zaidi, nyoosha mkono umwambie kwa adabu: badala ya kuhesabu chupa tulizoleta, tuhesabu zilizopungua kwenye pipa la shule wiki hadi wiki. Darasa lenu lichukue mizani ya dukani, lipime kila Ijumaa, liandike ubaoni.

Kisha niandikie mlipata kilo ngapi. Na yale maua mliyoyamwagia katoni mbili za maji ya kunywa, niambie kama yameota vizuri kuliko ya jirani.